Tope la Kiwanda na Mboga za Mfanyakazi

Katika ukurasa huu tumezoea kuandika juu ya mishahara, saa za kazi na ajali za mashine. Leo tunaandika juu ya mboga za majani na udongo unaoziotesha. Wapo watakaosema kwamba chama kimeishiwa na maneno. Tunawaomba wasome mpaka mwisho, ndipo wacheke wakitaka.

Piteni jioni katika kambi yoyote ya miwa huku Busoga, au katika nyumba za wachuma chai kule Toro na Bushenyi, mtazame kilichomo katika sufuria. Leo posho na maharagwe, kesho posho na maharagwe, na mwezi ukielekea ukingoni ni posho na chumvi. Majani huonekana siku ya mshahara na siku mbili tatu baada yake. Baadaye mama mwenye kikapu akipita mlangoni na kuita, tunajifanya tumelala. Lakini ni majani hayo, dodo (ndugu zetu wa Kenya na Tanzania huiita mchicha), sukuma wiki, nakati, kunde na majani ya maboga, yanayompa mtu madini ya kuongeza damu na vitamini ya macho. Mama mwenye upungufu wa damu anapangiwa kupalilia mistari ile ile anayopangiwa mwenzake mzima, na nyapara haulizi habari za damu.

Ukiwauliza wenzetu kwa nini hawalimi mboga, watakupa majibu matatu. Hakuna nafasi, hakuna wakati, na udongo wa hapa umekufa. Juu ya nafasi na wakati tutasema baadaye, maana mambo hayo yana mwenyewe, naye tunamjua. Tuanze na udongo.

Ni kweli udongo wa kambini umechoka. Umekanyagwa miaka mingi, umefagiwa kila asubuhi mpaka ukabaki mwekundu na mgumu kama sakafu, na mvua imeuchukua ule mweusi wa juu ikaupeleka mtaroni. Palipolimwa, mahindi yameondoka na hakuna kilichorudishwa. Tena mboga ya majani ni mlaji kweli kweli. Hatungoji izae tunda; tunataka jani lenyewe, na jani hujengwa kwa naitrojeni. Ukiona sukuma inatoa majani madogo, na yale ya chini yanageuka manjano na kuanguka, mara nyingi hiyo ni njaa ya naitrojeni. Unaweza kuimwagilia mpaka uchoke, njaa hiyo haiishi kwa maji.

Dukani iko yurea, nayo hufanya kazi haraka. Wapo wanaosema mbolea ya dukani ni sumu tupu. Sisi hatusemi hivyo. Naitrojeni ya yurea na naitrojeni ya samadi, zikishafika kwenye mzizi, mmea huzila namna moja. Shida za yurea ni mbili. Kwanza, haileti kitu kingine: hailegezi udongo, haiushikishi maji, na mvua kubwa ikinyesha sehemu yake huenda mtoni pamoja na fedha yako. Pili ni bei. Mwaka 2021 na 2022, gesi ilipopanda bei na vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza, yurea katika soko la dunia ilifika zaidi ya mara tatu ya bei ya 2020. Hakuna mkata miwa aliyeongezewa mshahara mara tatu miaka hiyo. Wakubwa wa Afrika walikutana Abuja mwaka 2006 wakaahidi kwamba ifikapo 2015 bara letu litatumia kilo 50 za virutubisho katika kila hekta. Mwaka 2015 ulikuja ukapita. Wakakutana tena Nairobi, Mei 2024, na safari hii wakaongeza neno juu ya afya ya udongo, maana imeonekana kwamba kumwaga mbolea katika udongo usio na uhai ni kutia maji katika pakacha.

Sasa tutazame vinavyotupwa karibu na sisi.

Kiwanda cha sukari kikisaga miwa hutoa vitu vitatu vinavyotuhusu. Kuna makapi ya miwa iliyokamuliwa, karibu tani 30 katika kila tani 100 za miwa. Mengi huchomwa kwenye boila kupata mvuke na umeme. Kuna majivu ya boila hiyo. Na kuna lile tope jeusi linalobaki kwenye chujio wakati maji ya miwa yanaposafishwa kwa chokaa, kiasi cha tani tatu hivi katika kila tani 100. Wenzetu wanaofanya kazi ya kuchuja wanalijua vizuri, kwani harufu yake inakwenda nao nyumbani ndani ya nguo. Tope hilo lina fosforasi, lina chokaa, lina naitrojeni, na lina vitu vingi vya kuoza ambavyo udongo uliochoka unavitamani. Wenye kampuni wanajua thamani yake, ndiyo sababu huirudishia miwa yao, na kwa hilo hatuwalaumu. Lakini katika viwanda tunavyovijua, lipo linalobaki limerundikwa nyuma ya ukuta likizaa nzi, hatua chache kutoka milango yetu. Kiwanda cha chai nacho kina vumbi na nyuzi zinazopepetwa na kutupwa, zenye naitrojeni nyingi, na majivu ya kuni. Majivu hayo wachuma chai wasiyadharau. Udongo wa chai ni wenye asidi, mchai unaupenda hivyo, lakini sukuma haiupendi, na majivu kidogo hupunguza ukali huo.

Watu wengi wamejaribu vitu hivi mara moja wakakata tamaa, kwa sababu walivitia vibichi. Chukua makapi makavu ya miwa uyafukie kwenye tuta la dodo: baada ya wiki mbili mboga zote ni manjano. Watu husema "makapi yana sumu". Hayana. Wale wadudu wadogo sana wanaoozesha makapi nao wanahitaji naitrojeni, na katika makapi ni haba, basi huichukua kutoka kwenye udongo na kuuacha mmea na njaa. Tope bichi nalo hupata moto likilundikwa na linaweza kuunguza mizizi. Samadi mbichi ya kuku huunguza zaidi. Dawa ya yote haya ni moja, kulundika na kungoja.

Lundo la mboji halihitaji mtaalamu. Chagua mahali penye kivuli, chini ya migomba ni pazuri. Upana wake uwe kama mita moja na nusu, na urefu wa kwenda juu ufike kifuani. Chini kabisa weka vijiti ili hewa ipite. Halafu tabaka la vitu vikavu, kama makapi, majani ya migomba au mabua ya mahindi, kiasi cha shibiri moja. Juu yake tabaka jembamba zaidi la vitu vyenye nguvu: tope la kiwanda, samadi, au majani mabichi. Nyunyiza udongo kidogo na majivu kidogo, mwaga maji, uanze tena. Kwa majani mabichi tunausifu ule mmea wa maua ya manjano, unaofanana na alizeti ndogo, ambao umejaa kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba. Wengi huukata na kuutupa. Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 walipima majani yake wakakuta naitrojeni karibu sehemu tatu na nusu katika kila mia ya majani makavu, na potasiamu zaidi ya hiyo. Huo ni utajiri unaoota bure, na mwenye panga haombi ruhusa ya mtu kuukata barabarani.

Maji yawe kiasi. Ukiminya konzi moja ya lundo, mkono ulowane lakini maji yasitiririke. Choma kijiti kirefu mpaka katikati, ukiache. Baada ya siku nne tano kichomoe ukiguse: kikiwa cha moto, lundo linafanya kazi. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji; kikiwa baridi na kinanuka uvundo, maji yamezidi na hewa imekosekana, basi lipindue. Kwa vyovyote lipindue baada ya wiki tatu, la nje liende ndani, kisha tena baada ya wiki tatu nyingine. Katika miezi miwili mpaka mitatu litakuwa jeusi, jepesi, na litanuka kama udongo wa msituni baada ya mvua. Hapo limeiva. Kwa tuta la mita kumi kwa mita moja tia madebe matatu au manne, changanya na udongo wa juu, usifukie mbali, maana mizizi ya mboga iko karibu.

Kuna mambo ambayo hatutaki mtu ayafanye. Samadi mbichi isitiwe kwenye dodo, kwa sababu dodo hung'olewa baada ya wiki tatu nne tu, na minyoo na vijidudu vya tumbo havijafa. Kinyesi cha chooni kisitumike kabisa. Nyasi na majani yaliyopuliziwa dawa ya kuua magugu yasiingie katika lundo. Baadhi ya dawa zinazopulizwa katika miwa huua kila chenye jani pana, na mboga zetu zote ni za jani pana. Kavera, betri na vioo vitolewe. Debe lililokuwa na dawa lisichote maji ya kumwagilia hata kama limeoshwa mara kumi. Na maji yanayotoka katika mtaro wa kiwanda si ya kumwagilia mboga. Kampala, kando ya mfereji wa Nakivubo, watafiti wamekuta madini mazito katika udongo na katika mimea inayolimwa pale, na jani lenye madini hayo kwa macho halina kasoro.

Wenzetu wa viwanda vya mjini, wanaopanga chumba kimoja, ile nyumba inayoitwa muzigo, watasema hadithi hii ni ya watu wa shamba. Wachukue gunia kuukuu. Katikati wasimamishe mkebe usio na kitako, waujaze mawe madogo, na pembeni waujaze udongo uliochanganywa na mboji, kisha waunyanyue mkebe na kujaza tena mpaka juu. Mawe yatabaki katikati kama nguzo, na maji yatashuka humo. Toboa matundu ubavuni na upandikize sukuma. Gunia moja halilishi nyumba nzima, tusidanganyane, lakini magunia matatu mlangoni humpunguzia mama safari za sokoni.

Na tusidanganyane pia juu ya nguvu zinazotakiwa. Gunia la yurea la kilo 50 lina kilo 23 za naitrojeni, na mtu mmoja hulibeba begani. Samadi kavu ya ng'ombe yenye kilo moja na nusu za naitrojeni katika kila kilo 100 itakupa kilo hizo 23 ukibeba zaidi ya kilo 1,500, na tena msimu wa kwanza mmea utapata sehemu tu, nyingine itangoja. Faida yake ni kwamba udongo unabaki umenona na wenye kushika maji msimu baada ya msimu. Lakini nani atazibeba kilo 1,500? Mtu aliyekwisha kukata miwa tangu alfajiri? Hapa ndipo jambo la mboga linapokuwa jambo la chama.

Historia inatuonyesha kitu. Mwingereza mmoja, Albert Howard, alifanya kazi Indore, nchini India, tangu 1924 hata 1931. Alitazama ujuzi wa wakulima wa huko, akapanga njia ya kulundika samadi, majani, udongo na majivu, inayofanana na hii tuliyoeleza. Mashamba ya kahawa ya Kenya yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuichukua katika miaka ya 1930. Malundo yale hayakujipindua. Yalipinduliwa na vibarua, na mboji ikaenda kwenye kahawa ya tajiri. Basi asije mtu leo kutuambia kwamba sayansi hii ni kubwa kuliko sisi.

Halafu tutazame Kuba, nchi ya miwa kama Busoga. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, mbolea na mafuta vilivyokuwa vikitoka huko vilikatika. Watu wa Havana wakaanza kulima mboga ndani ya mji, katika matuta yaliyojengewa kingo na kujazwa mboji, na tope la viwanda vya sukari lilikuwa moja ya vitu vilivyochanganywa humo. Lakini msisahau kwamba walipewa haki ya kutumia viwanja vile. Hakuna anayejenga udongo kwa miaka mitatu mahali ambapo kesho atafukuzwa.

Sisi tunafukuzwa. Kuna shamba moja, jina tuliache, ambako wafanyakazi walipewa ukanda wa ardhi kando ya kambi kwa maneno ya mdomo. Wakaubebea samadi kichwani msimu baada ya msimu mpaka udongo ukawa mweusi. Mwaka wa tano trekta la kampuni likaja asubuhi, watu wakiwa kazini, likapindua sukuma na nakati zote, na miwa ikapandwa. Meneja alisema ardhi ni ya kampuni. Ni kweli, ardhi ilikuwa ya kampuni. Na ule weusi wa udongo, je, ulikuwa wa nani? Akina mama waliokuja ofisini na majani yaliyovunjika mikononi hawakupata hata kiti.

Kwa hiyo tunasema, katika mkataba wa pamoja ujao, ukanda wa bustani uandikwe. Uandikwe vipimo vyake kwa kila nyumba, na uandikwe kwamba hautachukuliwa bila taarifa ya miezi sita na bila kungoja mavuno. Trela zinazoleta miwa kiwandani hurudi shambani tupu. Mara mbili kwa mwaka zipitie tope na majivu na kuyashusha kambini, mbali na visima na milango. Hilo kampuni haitalisikia hata mfukoni. Bomba la maji la kambi litoe maji jioni. Na kazi ya Jumamosi iishe saa sita mchana kweli, siyo saa sita ya karatasi, kwa kuwa bustani hii isipopewa saa yake itakuwa zamu ya pili ya wanawake, ambao sasa hivi ndio wanaopalilia miwa mchana na kuchota maji usiku.

Kuna wenzetu ndani ya chama wasiopenda jambo hili. Wanasema, siku tukikubali bustani, Meneja atatuambia: mna mboga, nyongeza ya nini? Hofu hiyo ni ya haki, na tumeshayasikia maneno hayo mezani. Uganda kiwango cha chini cha mshahara kilichotangazwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, ambazo leo zinanunua kilo chache tu za sukari tunayoitengeneza wenyewe. Bunge lilipitisha mswada wa kiwango kipya mwaka 2019, Rais hakuutia sahihi. Katika hali hiyo tajiri atashika kila kisingizio. Lakini jibu letu liko tayari. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataka mshahara ulipwe kwa fedha halali, na sukuma haijawa fedha halali. Kifungu cha bustani kikae mbali na kifungu cha mshahara, na katika kifungu hicho yaandikwe maneno kwamba mazao ya bustani hayatahesabiwa kuwa malipo wala sehemu ya malipo. Mjumbe atakayekubali kubadilishana shilingi kwa majani arudi kwa wanachama kuwaeleza.

Wenzetu wa msimu, wale wanaotoka West Nile na kwingineko kuja kukata miwa na kuondoka, wasisahauliwe katika kugawa. Sukuma hukaa shambani miezi mingi nao hawatakuwapo, lakini dodo la wiki nne wanaweza kulila mara kadhaa kabla ya kurudi kwao. Tunajua wapo wenyeji wa kambi wanaosema kibarua wa msimu hana haki ya tuta. Tunawauliza, anapogoma pamoja nanyi mnamhesabu au hamumhesabu?

Kila tawi lilete katika mkutano ujao hesabu ya nyumba zake, mahali palipo wazi karibu na kambi, na umbali wa kutoka pale mpaka lilipo tope. Matawi yenye mtu anayeweza kufika Kawanda yachukue udongo kidogo kutoka sehemu kadhaa za ukanda, yauchanganye na kuupeleka upimwe. Wengine wasingoje mkataba kuanza lundo, maana majani ya kando ya barabara hayana meneja. Mvua za pili huanza Septemba. Lundo litakaloanzwa mwishoni mwa Juni, likipinduliwa mara mbili, litakuwa limeiva wakati huo, na sukuma itakayopandikizwa Septemba itaanza kuchumwa Novemba.